Wasio na Kihamba: Mitaa ya Waswahili wa Moshi katika Historia ya Kilimanjaro, 1849–1963

Mwanzoni mwa Januari 1849 mmisionari Johannes Rebmann alifika Machame katika safari yake ya pili ya Kilimanjaro. Katika himaya ya Mangi Mamkinga alimkuta mtu wa pwani ambaye maandishi ya safari hiyo yanamtaja kwa jina la Muigni Wessiri, yaani Mwinyi Wesiri. Mswahili huyo alikuwa amekaa Machame kwa miaka kadhaa na alitumika kama mganga wa Mangi. Rebmann amekumbukwa na vizazi vyote vilivyofuata kwa theluji aliyoiona tarehe 11 Mei 1848, na ambayo wasomi wa London walikataa kuiamini. Mwinyi Wesiri hakukumbukwa kwa lolote. Hata hivyo, kuwapo kwake kunathibitisha jambo ambalo historia ya Kilimanjaro, kama ilivyozoeleka kuandikwa, hulipita haraka: Waswahili walikuwa wakaazi wa mlima huu kabla ya wamisionari, kabla ya serikali ya Kijerumani na kabla ya mkahawa.

Insha hii inafuatilia safari ya watu hao kutoka ua wa Mangi hadi mitaa ya mji wa Moshi. Inadai kwamba mitaa hiyo haikuwa mkusanyiko wa wageni waliosahaulika kando ya reli. Ilikuwa mahali pa watu wasio na kihamba, na kwa sababu hiyo hiyo ndipo mahali ambapo siasa isiyotegemea kihamba wala umangi ilipata makao ya kwanza katika eneo hili.

Wageni wa Mangi

Kabla ya ukoloni, wakazi wa mlima hawakuwa na jina moja lililowaunganisha. Mtu alikuwa Mmachame, Mkibosho, Mmoshi au Mmarangu, kwa kadiri ya himaya aliyozaliwa. Jina la jumla, ambalo Rebmann aliliandika “Jagga”, lilienezwa na watu wa misafara ya pwani waliohitaji neno moja la kuitaja nchi yote ya mlima. Kuna kejeli ndogo hapa isiyofaa kupuuzwa. Baadaye Wachagga wangemwita asiye wa kwao *kyasaka*, mtu wa porini, ilhali jina lao wenyewe la pamoja lilikuwa limepita katika vinywa vya hao hao watu wa porini.

Misafara ilitumia njia kuu mbili. Moja ilitoka Mombasa na Vanga, ikakata nyika kavu ya Taru hadi msitu wa Taveta. Nyingine ilitoka Pangani na kufuata bonde la mto hadi Arusha Chini na Kahe, kisha ikapanda mlimani. Bidhaa zilizopandishwa zilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na za chuma, na baadaye bunduki na baruti. Zilizoteremshwa zilikuwa pembe za ndovu na watu. Jambo hili la mwisho ni lazima lisemwe waziwazi, kwa kuwa baadhi ya maandishi yanayowatetea Waswahili wa bara hulifunika. Vita baina ya himaya za mlimani vilizaa mateka, na mateka waliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimjua zaidi kwa jina la Mandara, alijenga sehemu ya nguvu zake kwa biashara hiyo, na mpinzani wake Sina wa Kibosho hakubaki nyuma. Mswahili aliyepokewa katika ua wa Mangi alikuwa mganga, mfasiri na mshauri. Alikuwa pia mshirika katika kuuza watu.

Taveta ilionesha namna nyingine ya kuishi. Hapakuwa na mangi mmoja huko. Wazee waliongoza kwa baraza, na msitu ulikuwa na chakula tele. Misafara ilipumzika kwa majuma kadhaa, na baadhi ya wafanyabiashara wakajenga nyumba za kudumu na kuoa. Joseph Thomson aliyepita mwaka 1883, na Teleki na von Höhnel waliofuata mwaka 1887 wakiwa na mfanyabiashara wa pembe Jumbe Kimemeta wa Pangani, walikuta kituo kilichokwisha kuzoea wageni. Mlimani kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Mgeni alikaa kwa idhini ya Mangi, chini ya ulinzi wake, na karibu na ua wake. Mangi alipokasirika au alipokufa, mgeni hakuwa na pa kusimama.

Sababu ya tofauti hiyo ni ardhi. Ukilinganisha na miji ya misafara ya Sahara, jambo linaeleweka zaidi. Timbuktu, katika Mali ya leo, ilianza yapata mwaka 1100 kama kambi ya msimu ya Watuareg. Agadez, katika Niger, ilikua kutokana na misafara hiyo hiyo ya jangwani. Huko watu wa msafara ndio waliotangulia, na mji ukaota palipokuwa na mahema yao. Kilimanjaro ilikuwa kinyume. Watu wa msafara walifika katika nchi iliyokwisha kugawanywa vihamba kwa vihamba, kila kimoja kikiwa na migomba yake, mfongo wake wa maji, na makaburi ya wenyewe. Hapakuwa na kiwanja wazi cha kupiga hema na kukigeuza mtaa. Mji wa Waswahili usingeweza kuzaliwa mlimani. Ulihitaji mahali ambapo Wachagga wenyewe hawakutaka kukaa.

Kutoka boma hadi reli

Mahali hapo palipatikana kwa nguvu ya wakoloni. Mwaka 1885 Karl Jühlke alitia saini mkataba na Rindi kwa niaba ya Wajerumani, wakati Mathews, jemadari wa Sultani wa Zanzibar, naye alikuwa amekwisha kupandisha bendera ya bwana wake mlimani. Rindi alikufa mwaka 1891. Mrithi wake Meli alipigana na Wajerumani; katika mapigano ya Juni 1892 kamanda wao von Bülow aliuawa, na Agosti 1893 gavana von Schele akaja kulipiza kisasi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine.

Mambo hayo yanajulikana na yameandikwa mara nyingi. Lisiloandikwa sana ni nani aliyekaa kandokando ya boma baada ya moshi wa bunduki kutulia. Jeshi lililoundwa na Wissmann mwaka 1889 lilikuwa na askari Wasudani na Wazulu, na baadaye askari kutoka sehemu mbalimbali za bara. Walifuatwa na wake zao, watumishi, wapagazi, mafundi na wachuuzi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa Waislamu, au walisilimu humo humo katika maisha ya kambi. Hivyo neno “Mswahili” lilianza kubeba maana mpya mlimani. Halikumtaja tena mtu wa Pangani au Mombasa peke yake, bali yeyote aliyeishi chini ya boma bila kuwa mtu wa Mangi fulani.

Mwaka 1911 reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika chini ya mlima, katika tambarare ya joto na mbu iliyo kwenye kimo cha takriban mita 800. Makao ya serikali yaliteremka pamoja nayo. Jina la Moshi likateremka vilevile, na himaya ya Rindi iliyolizaa ikabaki kuitwa Old Moshi hadi leo, hata katika Kiswahili cha kila siku. Ni mara chache nchi kunyang'anywa jina lake kwa utulivu namna hiyo.

Mji mpya ulikuwa katika nyika ambayo Wachagga waliichukulia kuwa ya kulima mahindi na ulezi, na ya kupita, si ya kulala. Watu waliotoka boma la juu, vibarua wa reli, Wapare na Wasambaa waliofuata njia ya treni, Wanyamwezi na Wazigua, wote walijenga hapo. Majeshi ya Smuts yalipouteka mji Machi 1916, utawala mpya wa Waingereza ulirithi mji uliokwisha kugawanyika: Wazungu mahali pao, Wahindi madukani, Waafrika pembezoni. Majina ya mitaa yanasimulia asili yake. Majengo, Bondeni na Kaloleni ni majina yanayopatikana pia katika miji mingine ya Afrika Mashariki, kama kwamba watu wa miji hiyo walikuwa wakiyabeba mizigoni. Njoro limetoka katika Kimaasai, lenye maana ya chemchemi au mahali pa kunyweshea mifugo, na chemchemi ya Njoro ya Dobi inaonesha kwamba baada ya ng'ombe walikuja wafua nguo. Msikiti wa Riadha uliopo katikati ya mji una jina lile lile la msikiti mashuhuri wa Lamu. Jina la kushangaza kuliko yote ni la upande wa pili: Shanty Town ya Moshi ni mtaa wa nyumba kubwa zenye bustani na miti mirefu. Anayetafuta wanyonge kwa kufuata ramani atapotea.

Nyumba na kihamba

Tofauti baina ya mlima na mji inaonekana vizuri zaidi katika nyumba. Kihamba cha Mchagga si shamba tu. Ni nyumba, migomba, kahawa, ng'ombe wa zizini, mfongo, na mababu waliozikwa humo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, pamoja na Sally Falk Moore katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986, wanaeleza jinsi mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho walivyokuwa na nafasi ya pekee katika urithi. Wa kwanza alisaidiwa kupata kihamba, wa mwisho alibaki katika kihamba cha baba. Wa katikati walitegemea Mangi awape ardhi mpya. Binti hakurithi kihamba.

Nyumba ya Kiswahili ya mjini ilijengwa kwa mantiki nyingine kabisa. Mbele kuna baraza ambapo mpita njia anaweza kuketi bila kuulizwa ukoo wake. Ndani kuna ukumbi unaonyooka toka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba vitatu vitatu kila upande. Uani kuna jiko na choo. Kila chumba kinaweza kupangishwa. Nyumba kama hiyo ya fito na udongo, iliyoezekwa kwa makuti au madebe na baadaye kwa mabati, haikuhitaji ukoo ili isimame. Ilihitaji kiwanja, ambacho kwa kawaida kilitolewa kwa kibali cha muda na kodi ya serikali, na ilihitaji wapangaji. Mwanamke aliyeachwa au mjane, ambaye mlimani angekaa kwa huruma ya ndugu wa kiume, mjini aliweza kumiliki nyumba na kuishi kwa kodi za vyumba. Si kila mwanamke aliweza, wala maisha ya mtaani hayakuwa ya raha. Lakini uwezekano huo ulikuwapo, na mlimani haukuwapo.

Gutmann aliuchukia mji. Aliona kwamba Kiswahili na maisha ya mjini yangeyeyusha ukoo, ujirani na rika, nguzo ambazo kwake zilikuwa msingi wa kanisa la kweli la Wachagga. Wenzake waliofungua kituo cha kwanza cha misheni yao huko Machame mwaka 1893 nao walihubiri kwa lugha za mlimani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokuja kutoka pwani na kuanzisha Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 hawakuwa na hofu hiyo ya Kiswahili. Hofu ya Gutmann haikuwa bila msingi, kwa maana mji kweli ulilegeza ukoo. Kosa lake ni kudhani kwamba baada ya ukoo kulegea hapabaki kitu. Mtaani palikuwa na msikiti na madrasa, maulidi, vikundi vya ngoma, vyama vya kuzikana, na ujirani wa ukuta kwa ukuta ambao kwa shughuli za msiba na harusi haukuwa dhaifu kuliko ule wa mlimani.

Kahawa nayo iliongeza umbali. Chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na kufikia mwaka 1933 nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na KNCU. Mapato ya kahawa yalijenga shule, makanisa na nyumba za mabati mlimani. Asiyekuwa na kihamba hakuwa na mkahawa, na asiyekuwa na mkahawa hakuwa mwanachama. Utajiri wa Kilimanjaro ulipita mjini kwa magunia ukielekea kwenye behewa. Watu wa Majengo na Njoro waliubeba mabegani, na ndio waliopokea ujira wa kuubeba.

Mlango wa TANU

Baada ya Vita Kuu ya Pili, siasa ya mlimani iligeukia swali la nani atawale Wachagga. Chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union, kilichoanzishwa mwaka 1949 na kuongozwa na Petro Njau, kilidai mangi mkuu mmoja atakayechaguliwa, badala ya mamlaka ya mangi wa tarafa ambao mmoja wao alikuwa Abdiel Shangali wa Machame. Kilishinda. Thomas Marealle akachaguliwa kuwa Mangi Mkuu na kushika madaraka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lilikuwa vuguvugu kubwa, lenye bendera na sikukuu zake. Lakini lilikuwa vuguvugu la Wachagga. Mkazi wa mjini ambaye baba yake alitoka Pare na mama yake Tanga hakuwa na kura humo, wala sababu ya kuitaka.

TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, Joseph Kimalando wa Moshi alikuwa miongoni mwa waasisi. Mlimani chama hicho kilipata shida kuingia, kwa kuwa palikuwa na Mangi Mkuu mpendwa na chama cha wenyewe. Mjini kiliingia mapema, na waliokipokea kwa moyo walikuwa wengi wao wanawake wa Kiswahili. Susan Geiger, katika kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kilichotolewa mwaka 1997, aliwahoji baadhi yao, akiwemo Halima Selengia. Picha inayopatikana ni ya wanawake Waislamu wa mitaani, wasio na elimu ya shule za misheni, waliotumia mtandao wa ngoma, hasa lelemama, na wa ujirani kueneza kadi na habari za mikutano. Ni mtindo ule ule ambao Bibi Titi Mohamed aliutumia Dar es Salaam kuanzia mwaka 1955. Walioonekana mlimani kuwa hawana kwao ndio walioelewa kwanza wazo la nchi ambayo kila mtu ni wa kwake.

Pasije pakaeleweka kwamba mstari huo haukuvukwa. Lucy Lameck, aliyezaliwa Njoro mwaka 1934 na kusomea uuguzi kabla ya kwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, alikuwa Mchagga na Mkristo; alifanya kazi bega kwa bega na wanawake hao, akaingia bungeni mwaka 1960 na baadaye kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa unaibu waziri. Mzaliwa wa Njoro alijua lugha zote mbili za Moshi: ya kihamba na ya baraza. Vilevile Solomon Eliufoo, mwalimu kutoka Machame, aliongoza upinzani dhidi ya Mangi Mkuu, na wadhifa huo ulipoondolewa mwaka 1960 alichaguliwa kuwa rais wa Wachagga. Mlima ulikuja TANU hatimaye. Ila haukutangulia.

Ushindi huo ulikuwa na gharama kwa mitaa yenyewe. Mwaka 1963 umangi ulifutwa rasmi katika Tanganyika huru, na pamoja nao ikaondoka ile mipaka ya kisheria iliyotenganisha ardhi ya Mangi na eneo la mji. Kisheria, Mswahili wa Majengo na Mchagga wa Machame wakawa raia sawa. Kiuchumi, mwenye kihamba cha kahawa, shule ya misheni na ndugu serikalini alianza mbio akiwa mbele. Ardhi ya mlimani ilikuwa imejaa, na watoto wa kiume wa katikati, ambao hapakuwa tena na Mangi wa kuwagawia, walishuka mjini kununua viwanja katika mitaa ambayo babu zao waliidharau. Nyumba za udongo zilibomolewa moja baada ya nyingine, zikainuka za matofali ya saruji.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na mji wa kale wa Agadez, wenye mnara wake wa udongo wa mita 27, mwaka 2013. Majengo ya Moshi hayana mnara. Nyumba ya fito haidumu karne tatu, na mtafiti anayetaka jiwe la kushika hatalipata. Kinachodumu ni mpangilio: njia nyembamba, ukumbi uliorudiwa kwa saruji, baraza ambayo fundi wa leo huijenga bila kuambiwa. Ni urithi unaohitaji kuandikwa na kupimwa nyumba kwa nyumba kabla viwanja havijaunganishwa, kwa kuwa hauna kuta za kujitetea.

Kila Desemba Moshi hubadilika. Mabasi kutoka Dar es Salaam hufika yamejaa, na tangu Desemba 2019 hata treni ya abiria ilianza tena kufika katika stesheni iliyokuwa kimya kwa miaka mingi. Abiria wengi hawakai mjini. Hupanda magari mengine kuelekea Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, kwenye vihamba walikozikwa babu zao, na wengine miongoni mwao ni wenye nyumba za Majengo na Njoro wanaofunga milango kwa majuma mawili. Mitaani hubaki wale ambao makaburi ya wazee wao yako hapo hapo mjini.